Ziwa Kivu si pipa ya kumwagia kila samaki

Wakaaji wa Goma, Bukavu, Idjwi, Kalehe na Minova, vijana wenzetu,

Mumezoea kutusikia tukipigia kelele maji, umeme, barabara na usalama. Leo tunazungumza samaki. Ni mambo ya sufuria na ya mufuko, njo maana ni mambo ya raia.

Tangu mwaka 2006 kuko samaki mugeni ndani ya Ziwa Kivu. Wanasayansi wanamuita Lamprichthys tanganicanus. Ni mwembamba, dume iko na vidoti vya bluu vinavyong'aa, na inaweza kufika sentimita 15. Ng'ambo, kwa jirani, wavuvi wanamuita "Rwanda rushya", maana yake "Rwanda mpya". Lakini tusianze kumutafutia samaki taifa: kwao ni Ziwa Tanganyika. Na Ruzizi inateremuka kutoka kwetu kwenda Tanganyika, na maporomoko na barrage njiani. Samaki mudogo kupanda yote ile mwenyewe ni vigumu sana. Inaonekana mukono wa mutu uliingia.

Shida yake ni nini? Meza ya Kivu ni ndogo. Ziwa inashuka karibu mita 485, lakini samaki wanaishi katika mita 60 hivi za juu tu. Chini kule hakuna oksijeni, kuko gesi. Kwa hiyo wote wanagawana chakula pale juu. Watafiti walipopasua matumbo, waliona kwamba katikati ya ziwa mugeni huyu anakula vidudu vilevile vya majini ambavyo sambaza anakula. Karibu na ukingo anakula pia wadudu, na anaficha mayai yake katika nyufa za mawe. Ni kwenye ukingo huohuo wanaishi "ndugu", wale samaki wetu wadogo. Kati yao kuko aina 15 ambazo hazipatikane pengine popote duniani. Zikiisha hapa, zimeisha.

Mutu atasema: ata sambaza ni mugeni! Ni kweli. Wabelgiji walimuleta kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, ju katikati ya ziwa hakukuwa samaki wa kula vile vidudu. Leo sambaza analisha familia, analipa minerval ya watoto. Hatumukatae. Lakini hata yeye alituachia deni: vidudu vya majini vilipunguka sana, na aina moja kubwa ikapotea kabisa. Somo ni hili: hakuna mugeni anayeingia bure, na akishazaa, hakuna wavu wa kumutoa.

Tuangalie Ziwa Victoria. Sangara yuko nyumbani katika Ziwa Albert, wandugu wa Ituri wanamuvua tangu zamani, na anaishi na wenzake. Walipomupeleka Victoria katika miaka ya 1950, alimeza. Aina nyingi sana za samaki wadogo wa kule hazikuonekana tena. Viwanda vilipata franga, lakini ziwa haikurudi vile ilikuwa. Samaki ni yuleyule. Pahali njo palibadilika.

Na mufugaji asifikiri haimuhusu. Mbegu ya samaki ikinunuliwa bila kujua inatoka wapi, inaweza kuleta ugonjwa. FAO ilitoa tahadhari mwaka 2017 juu ya virusi vinavyoua tilapia, na virusi hivyo vimeshaonekana Ziwa Victoria. Vikiingia ndani ya kizimba kimoja, jirani hatapona kwa sala. Tena wavu ukipasuka, tilapia wa kigeni anazaa na wa kwetu, mbegu inachanganyika. Na wageni wadogo wakipita kwenye mufereji mpaka ndani ya bwawa, wanakula chakula ambacho mufugaji amelipia.

Kwa hiyo tunadai:

1. Asiingizwe samaki yeyote muzima kutoka ziwa ingine bila uchunguzi, na bila raia kuambiwa. Congo iliridhia Mkataba wa 1992 juu ya viumbe hai, unaoomba kila inchi izuie wageni waharibifu. Sahihi isibaki kwenye karatasi.
2. Mbegu ya samaki ipimwe mpakani, na muuzaji aonyeshe pahali inatoka.
3. Congo na Rwanda zihesabu pamoja samaki wanaovuliwa, aina kwa aina. Maji haina barrière.

Na sisi? Usimwage ziwani samaki wa akwariamu wala wa bwawa, ata moja. Mufugaji, uliza mbegu imetoka wapi mbele ya kulipa. Muvuvi akitoa samaki ambaye hamujui, apige picha, aipeleke kwa watafiti wa ziwa.

Mwaka 2006 mugeni aliingia bila sisi kuulizwa. Wa kesho, tumukute tukiwa macho mulangoni.