Sindano ya homoni ya kiume bila kipimo cha damu ni hatari

Mficha uchi hazai, walisema wahenga, lakini wanaume wengi hatujalitia maanani neno hilo. Mwanamume akiona nguvu zimepungua, hamu imetoweka na uchovu haumwishi, haendi hospitalini. Huuliza kwa siri, akaelekezwa penye sindano ya testosteroni, yaani homoni ya kiume, akadungwa. Asipoona tofauti, huomba aongezewe dozi.

Msomaji, sipingi sindano hiyo. Wapo wanaoihitaji kikweli, kwa mfano aliyeharibika korodani kwa matubwitubwi, ajali au upasuaji, au mwenye uvimbe katika tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, ambayo ndiyo huziamuru korodani kufanya kazi. Ninachopinga ni kuongeza na kupunguza dozi kwa kubahatisha. Homoni hii hupimwa katika damu, na hata damu husema kweli iwapo tu imetolewa wakati unaofaa.

Tuanze na kipimo cha kwanza, kabla ya dawa. Testosteroni huwa juu asubuhi, kisha hushuka kadiri siku inavyosonga. Kwa hivyo damu yafaa itolewe kati ya saa moja na saa nne asubuhi, kabla ya kufungua kinywa, na kipimo kirudiwe siku nyingine kabla ya mtu kuambiwa ana upungufu. Sasa mfikirie mkazi wa Masii au Kathiani anayengoja matatu ijae, akafika mjini Machakos adhuhuri, akapanga foleni na kutolewa damu saa nane mchana. Huenda karatasi ikaonyesha upungufu ambao hana. Heri alale kwa jamaa mjini, au arudi siku nyingine mapema.

Tazama pia vizio vilivyoandikwa kwenye karatasi. Maabara moja huandika nanomoli kwa lita na nyingine nanogramu kwa desilita. Ukisoma 15 hapa na 430 kule, usishtuke, kwani viwango hivyo ni karibu sawa. Mtu asiyejua hilo aweza kudhani homoni zake zimepanda mara thelathini kwa mwezi mmoja.

Kosa kubwa zaidi huja baada ya dawa kuanza. Tuseme mgonjwa anadungwa kila baada ya wiki mbili. Akipimwa siku ya pili baada ya sindano, homoni iko juu sana na dozi inapunguzwa. Akipimwa siku moja kabla ya sindano inayofuata, iko chini na dozi inaongezwa. Mgonjwa ni yule yule na dawa ni ile ile, lakini anapewa maagizo mawili yanayopingana.

Mwongozo wa mwaka wa 2018 wa chama cha wataalamu wa homoni cha Marekani ni wazi. Kwa sindano za enanteti na sipioneti, damu hutolewa katikati ya sindano mbili. Ikizidi nanogramu 600 au ikiwa chini ya 350, dozi au idadi ya siku kati ya sindano hubadilishwa. Kwa sindano ya andekanoeti, ambayo hukaa mwilini wiki nyingi, damu hutolewa muda mfupi kabla ya sindano inayofuata. Ukitumia aina nyingine, mwulize daktari siku ya kupimwa kabla hujadungwa.

Kuna kipimo kingine kinachosahauliwa, nacho ndicho kinachoweza kukuokoa maisha. Testosteroni huufanya mwili utengeneze chembe nyekundu nyingi. Sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu huitwa hematokriti. Ikipita asilimia 54, damu imekuwa nzito mno na dawa husimamishwa hadi ishuke, la sivyo mgonjwa aweza kupata damu iliyoganda mguuni, mapafuni au ubongoni. Sisi wa Machakos tunaishi mita 1,600 hivi juu ya bahari, na kwa kawaida damu ya watu wa nyanda za juu huwa na chembe nyekundu nyingi kidogo kuliko ya watu wa pwani. Ndiyo sababu inafaa hematokriti ijulikane kabla ya sindano ya kwanza, ipimwe tena kati ya mwezi wa tatu na wa sita, kisha kila mwaka. Kwa wenye umri mkubwa, tezi ya kiume nayo huangaliwa.

Vijana wasiopata watoto nao wasidanganyike. Homoni ya kudungwa huzilaza korodani na mbegu hupungua, pengine zikaisha kabisa. Mwaka wa 1990 Shirika la Afya Duniani lilichapisha utafiti ambapo miligramu 200 za enanteti kila wiki zilitumika kama njia ya kupanga uzazi kwa wanaume. Anayetafuta mtoto kwa sindano hii anaenda kinyume na safari yake.

Wapo watakaosema kuwa utafiti wa Marekani wa mwaka wa 2023, uliohusisha wanaume zaidi ya 5,000, haukuona mshtuko wa moyo au kiharusi ukiongezeka kwa waliopewa homoni hii. Ni kweli, ingawa damu kuganda mapafuni ilionekana zaidi kwao. Lakini wanaume hao walipewa dawa ya kupaka, na dozi yao ilirekebishwa kwa vipimo vya damu. Anayedungwa bila kupimwa hawezi kujihesabu miongoni mwao.

Wengine watalia gharama. Nawaelewa. Lakini hematokriti hupatikana katika kipimo cha kawaida cha damu ambacho hata maabara ndogo hufanya. Asiyeweza kulipia vipimo bado hajaweza kulipia dawa.

Basi maabara ziweke kwenye fomu nafasi ya kuandika tarehe ya sindano ya mwisho na saa damu ilipotolewa. Wenye maduka ya dawa wakatae kumdunga yeyote asiye na barua ya daktari. Nawe msomaji, nunua daftari dogo, uandike humo kila sindano na kila tokeo, kisha umwonyeshe daktari wako. Akitaka kubadilisha dozi bila kulifungua, mwulize kwa heshima anafuata nini.