Siku ya Kwanza Melini Si Siku ya Kula

Nilifundisha kwa miaka 38, na katika hiyo, miaka 19 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule za msingi huku kwetu Kagera. Mwanzoni mwa miaka ya 70, nilipokuwa chuo cha ualimu, mkufunzi wetu mmoja alikuwa na neno ambalo wakati ule sikulithamini. Alisema: siku ya kwanza ya shule usifundishe hesabu wala kusoma. Watembeze watoto. Waonyeshe choo kilipo, maji yalipo, kengele inapopigiwa, na mahali pa kukimbilia likitokea la kutokea. Mtoto asiyejua alipo hafundishiki.

Leo nataka kulipeleka neno hilo mahali ambapo mkufunzi wetu hakupata kufika, yaani ndani ya meli ya kitalii.

Mwaka 2023 binti yetu, ambaye ni muuguzi Uingereza, alitualika mimi na mama yake tukatembee naye. Tulipofika, tukakuta yeye na mumewe wamekwisha tulipia safari ya siku 7 kwa meli kutoka bandari ya Southampton. Mimi niliyezoea meli za Ziwa Victoria, za ndizi na magunia ya kahawa, nilisimama gatini nikitazama jumba zima linaloelea, lenye watu zaidi ya elfu tatu, mabwawa ya kuogelea na ukumbi wa maonyesho. Nikasema moyoni, kweli tembea uone.

Tangu wiki moja kabla, mkwe wangu alikuwa akinisomea mashauri ya wasafiri wazoefu. Siku ya kwanza, wanasema wao, ni siku ya kuanza kurudisha fedha yako. Panda mapema. Kimbilia ukumbi wa chakula kabla ya umati. Shika kiti kizuri kando ya bwawa. Weka nafasi za maonyesho zisije zikaisha. Na lile zoezi la usalama? Ah, hilo limalize upesi kwa simu yako, uendelee na mambo yako.

Nasema mashauri hayo ni mabaya. Hayana ubaya wa dhambi, ila yana ubaya wa kuweka mkia mahali pa kichwa. Na kabla sijawasema wengine, nikiri yangu: saa moja baada ya kupanda, mimi mwenyewe nilikuwa na sahani mkononi katika foleni ya kuku wa kuokwa.

Nilipokuwa natafuna, mkwe wangu alinionyesha simu yake. "Baba, hili hapa zoezi la usalama. Dakika chache tu, tumalize." Picha zilikuwa zinapita, sauti ameizima kwa sababu muziki ulikuwa mkubwa. Mtu kwenye picha alikuwa akifunga jaketi okozi. Mjukuu wangu wa miaka 6 akauliza, "Babu, yule anafanya nini?" Nikakosa jibu, kwa kuwa nilikuwa nikitazama kuku. Hapo ndipo nilipoona haya. Nikaweka sahani chini.

Zamani, katika meli hizi, king'ora kilipigwa, mabwana na mabibi wote wakaacha vinywaji vyao na kwenda kusimama kwenye vituo vyao vya kukusanyikia. Tangu janga la Uviko-19, kuanzia mwaka 2020, kampuni kadhaa zimebadili utaratibu huo. Abiria hutazama maelezo kwa simu au kwa televisheni ya chumbani, kisha hupita kituoni kwake wakati wowote kabla ya meli kuondoka, kadi yake ikasomwa na mashine, na mambo yakaisha. Wenye meli wanasema watu hawasongamani tena, na kila mtu anasikia maelezo kwa utulivu. Sikatai kwamba hoja hiyo ina uzito. Lakini mimi nimesahihisha madaftari maelfu, na najua tofauti ya mtoto aliyenakili jibu na mtoto aliyekokotoa. Kadi iliyosomwa ni alama ya vyema kwenye daftari, na alama hiyo haituambii kama mtu anaijua njia.

Basi nikaiambia familia yangu, "Twendeni kituoni kwa miguu, tuanzie chumbani, tupite ngaziani." Mkwe wangu akacheka kwa heshima. "Mzee, lifti zipo." Nikamwambia, "Siku ya hatari lifti hairuhusiwi."

Chumba chetu kilikuwa sitaha ya 9, kituo chetu sitaha ya 5. Kwa lifti ni dakika mbili. Kwa ngazi, na magoti ya mke wangu, tulitumia dakika 11, tukapumzika mara mbili. Tena tulipotea. Korido za meli zile zinafanana kama mapacha: zulia lile lile, milango ile ile, na mgeni hajui mbele ni wapi na nyuma ni wapi. Tulikwenda upande wa nyuma tukidhani tunakwenda mbele. Na hayo yote ilikuwa mchana, taa zinawaka, meli imefungwa gatini, hakuna anayepiga kelele.

Kutokana na matembezi hayo tulipata mambo mawili ambayo simu isingetupa. La kwanza, tulikwenda mapokezi tukaeleza habari ya magoti ya mama. Wakaandika, wakasema likitokea la kutokea, atakuja mtu chumbani kumsaidia. La pili, tulifungua kabati tukakuta majaketi yote ni ya watu wazima. Tukamwambia mhudumu wa chumba, naye kabla ya nusu saa akaleta la mtoto. Kama tusingetafuta, mjukuu wangu angelala usiku ule baharini bila jaketi la kumfaa, na sisi wote wanne tungelala tumeshiba.

Najua atakayesema, "Mwalimu, unatisha watu. Meli za siku hizi ni salama." Ni kweli kwamba ni salama kuliko za zamani. Lakini usalama huo haukushuka kama mvua. Baada ya Titanic kuzama Aprili 1912, ambapo mashua ya kwanza ilishushwa ikiwa na watu wasiofika nusu ya uwezo wake, mataifa yalikutana London na mwaka 1914 yakatunga mkataba wa kwanza wa usalama wa maisha baharini. Ila kwa muda mrefu sheria iliruhusu zoezi la abiria lifanyike ndani ya saa 24 tangu kupanda. Yaani unaweza kulala usiku mzima baharini bila kufundishwa.

Matokeo yake tuliyaona tarehe 13 Januari 2012. Meli iitwayo Costa Concordia iliondoka Civitavecchia, Italia, jioni, ikiwa na watu zaidi ya 4,200. Saa 3:45 usiku ikagonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio. Mamia ya abiria walikuwa wamepanda jioni ile ile, na zoezi lao lilikuwa bado. Amri ya kuiacha meli ilichukua zaidi ya saa nzima kutoka. Walikufa watu 32, na nahodha alihukumiwa kifungo cha miaka 16. Ndipo sheria ikabadilishwa: tangu tarehe 1 Januari 2015, zoezi lifanyike kabla ya meli kuondoka au mara inapoondoka. Basi, msomaji, lile jambo ambalo wazoefu wanakuambia ulimalize upesi, limenunuliwa kwa roho za watu.

Sheria hiyo hiyo inadai kwamba mashua za kuokolea ziweze kushushwa zote, zikiwa na watu wake, katika dakika 30 tangu ishara ya kuiacha meli. Lakini soma vizuri: dakika hizo zinahesabiwa watu wakiwa wamekwisha kukusanyika, majaketi yamevaliwa. Muda wa kupotea kwenye korido haumo. Muda huo ni wako wewe, na njia ya kuupunguza ni miguu yako mwenyewe, siku ya kwanza.

Atakuja mwingine aseme, "Nimelipa fedha nyingi, kwa nini nipoteze siku?" Hebu tufanye hesabu. Matembezi yetu, mapokezi na jaketi la mtoto, vyote havikufika saa moja na nusu. Chakula cha meli hakiishi. Kuku yule nilimkuta palepale. Tena angalia ni nani anayekukimbiza siku ile ya kwanza. Ni muuza vifurushi vya vinywaji, ni mpiga picha, ni dada wa chumba cha kukandwa mwili. Hao ndio wanaojua thamani ya siku ya kwanza, maana mgeni ambaye hajajua alipo hutoa kadi bila kuuliza bei.

Sasa niseme lililo moyoni, ambalo ndilo lililonifanya niandike.

Jioni ya tarehe 20 Mei 1996 nilimsindikiza mwalimu mwenzangu kijana hadi bandarini Bukoba. Alikuwa anakwenda Mwanza kumwona dada yake aliyejifungua. Nilikuwa mwalimu wake mkuu, na wazazi wake walikuwa wamemweka mikononi mwangu. Nilimbebea kapu la senene na mkungu wa ndizi. Nikamuuliza kama amepata mahali pa kulala. Nikamuuliza kama ana chakula cha njiani. Akasema, "Ninavyo, Mwalimu, usihangaike." Nikampungia mkono. Asubuhi yake, MV Bukoba ikapinduka karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Yeye hakurudi.

Sisemi kwamba angepona kama ningemwuliza jaketi liko wapi. Meli iliyojazwa kupita kiasi ni kosa la walioijaza, na kujua njia ya kituo hakumwokoi mtu katika chombo kinachopinduka kwa dakika chache. Ningekuwa mwongo nikisema vinginevyo. Nasema tu kwamba mimi, mwalimu, ambaye kila Januari niliwatembeza watoto wa darasa la kwanza kuwaonyesha kengele, niliuliza habari ya kitanda na chakula, kisha nikaondoka. Tangu siku ile hatukujifunza upesi. Tarehe 10 Septemba 2011 ikazama MV Spice Islander ikielekea Pemba. Tarehe 20 Septemba 2018 ikapinduka MV Nyerere karibu na Ukara. Kila mara tulilia, tukazika, na tukapanda chombo kingine tukiuliza kama kuna chai.

Kwa hiyo mtu anaponiambia kwamba siku ya kwanza melini ni siku ya kula, samahani, siwezi kutabasamu.

Nitakupa ratiba yangu, uipime mwenyewe. Panda mapema, hapo nakubaliana na wazoefu. Dawa zako, hati zako na nguo za kubadili zibaki katika mkoba wa mkononi, maana masanduku hufika chumbani jioni. Weka simu yako katika hali ya ndege kabla ya kuiacha bandari. Mtandao wa baharini hutoza fedha ambazo utazijutia. Fungua kabati, hesabu majaketi, jaribu moja, mvishe mtoto. Soma ramani iliyo nyuma ya mlango. Nenda kituoni kwa ngazi, na urudi kwa njia nyingine. Jifunze ishara ya dharura: milio 7 mifupi, kisha mmoja mrefu. Kama una mgonjwa, mzee au mtoto, wajulishe wahudumu. Nawa mikono, kwa sababu magonjwa ya tumbo hupenda mahali watu wanaposhika kijiko kimoja. Baada ya hapo nenda ukale, ukacheze, ukaogelee, na Mungu akubariki.

Ukifanya hivyo utaona jambo moja ambalo wazoefu hawakusema. Mtu aliyeijua meli siku ya kwanza huifurahia siku zote zinazofuata. Sisi tulikuwa tumekwisha jua njia. Wengine hadi siku ya tatu walikuwa wakituuliza maktaba iko wapi.

Usiku ule, tulipokuwa tumelala, upepo ulianza na meli ikayumba kidogo. Mjukuu wangu alikuja kitandani kwetu gizani. Nilidhani anaogopa. Akaniambia, "Babu, nimehesabu. Ni ngazi nne kushuka, halafu mkono wa kulia." Nikamwambia, "Vyema, mwanangu. Sasa kalale."