Umefika levo ya 1,000 kwenye gemu la maneno, je maana unazijua?

Wiki hii kuna dada mmoja staa hapa mjini, jina kapuni, katupia insta picha ya simu yake. Ni lile gemu la kupanga herufi zilizovurugwa mpaka zitoe maneno ya Kiingereza, na yeye kafika levo ya 1,140. Akaandika chini kwamba wanaosema hana shule waje waone. Shabiki mmoja akamuuliza kwa upole, "Dada, hilo neno woe ulilolipata hapo lina maana gani?" Hajajibiwa mpaka leo, na nasikia kapigwa bloku.

Watu wamemcheka mpaka basi. Mimi sijacheka, na ngoja niwaambie kwanini.

Mimi nimeishia form four na Kiingereza changu cha kuungaunga. Hilo gemu ndo lilikuwa tuisheni yangu ndani ya daladala. Unapewa herufi, tuseme L, I, N na E. Unaanza na "line", sarafu zinaingia. Unazigeuza tena unapata "lien". Hilo nililibahatisha tu, gemu likakubali, nikasonga mbele. Kosa langu lilianzia hapo. Nikiona rangi ya kijani najua nimejifunza.

Mwaka jana nikakopa laki nane ninunue laptop ya kuandikia. Mkataba kurasa nne, Kiingereza kitupu. Dhamana ni pikipiki yangu, ambayo mdogo wangu alikuwa anapigia boda. Katikati ya kurasa nikaliona neno "lien". Yaani nilifurahi! Neno nalijua hili, si nimeshakutana nalo? Jamaa wa pale ofisini akaniuliza, "Umeelewa kila kitu, kaka?" Nikamjibu, "Hamna shida bosi, nimeelewa." Nikasaini.

Nilipochelewesha rejesho la pili, wakaja vijana wawili asubuhi wakaichukua pikipiki. Nikataka kuleta fujo. Mmoja akanifungulia karatasi taratibu, akaweka kidole kwenye lile neno. Lien ni haki ya anayekudai kushikilia mali yako mpaka umalize deni. Herufi nne tu! Mdogo wangu alikaa wiki sita bila kazi, na nyumbani wote tulikuwa tunakula kwa pikipiki ile.

Sasa ishu siyo gemu. Gemu linafanya kazi yake. Hata Scrabble, aliyoibuni Mmarekani Alfred Butts miaka ya 1930, inalipa herufi. Q ina pointi 10, I ina pointi 1, kwa hiyo ukiweka "qi" una 11 zako bila kuulizwa kama unajua kwamba hilo ni neno la Kichina la nguvu ya uhai mwilini. Mwaka 2015 Nigel Richards wa New Zealand alibeba ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa, na Kifaransa chenyewe haongei. Alikariri maneno tu. Ni bingwa halali kabisa, namvulia kofia. Ila mkataba wa Kifaransa itabidi atafute mtu wa kumsomea, kama mimi na wewe. Mchezoni wanalipa herufi, mtaani wanalipa maana.

Najua kuna watakaosema Kiingereza siyo akili. Nakubali asilimia mia. Ndo maana nasema tatizo letu ni aibu. Kuuliza maana ya neno tunaona ni kujianika. Mimi pale ofisini sikukosa mtu wa kumuuliza, aliniuliza mwenyewe! Nilichoogopa ni kuchekwa. Sasa nyie mnaomcheka yule dada, mnajua mnachofanya? Mnamfundisha kila anayesoma hizo komenti akae kimya. Kesho na yeye atasaini kitu asichokielewa.

Siku hizi nina daftari. Nikipata neno nisilolijua, kabla sijabonyeza kwenda levo inayofuata naandika maana yake kwa Kiswahili na sentensi moja ya kwangu. Levo zinapanda kwa mwendo wa kobe, lakini maneno yanabaki. Juzi nimepewa W, O na E. "Owe" ni kudaiwa. "Woe" ni majonzi. Herufi zile zile tatu, na mimi sihitaji kuelezwa zinavyohusiana.

Kwa hiyo dada staa, jibu la shabiki wako ndo hilo, mtoe bloku. Na wewe mdau, dondosha hapo chini neno moja ulilowahi kulipata kwenye gemu na maana huijui mpaka leo. Tutasaidiana. Hapa hachekwi mtu.