RISALA YA WATUMISHI WA UMMA WANAOKARIBIA KUSTAAFU NA WASTAAFU, KUHUSU UMRI WA KUSTAAFU, KIKOKOTOO NA MAFAO

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa viongozi wa Serikali mliopo,
Viongozi wa vyama vya wafanyakazi,
Wazee wetu wastaafu,
Wafanyakazi wenzetu,

  Risala hii ya Mei Mosi tumeiandaa sisi walimu, wauguzi, maafisa ugani, watendaji wa kata, makatibu muhtasi na madereva ambao tumebakiza miaka mitano au pungufu kufikia umri wa kustaafu, pamoja na wenzetu waliokwisha kustaafu. Tunazungumza kwa niaba yetu na kwa niaba ya vijana walioajiriwa juzi, maana kanuni inayotuumiza sisi leo ndiyo itakayowapokea wao kesho.

TUNAYOYATAMBUA

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Tunatambua kuwa upandishaji wa madaraja, uliokuwa umesimama kwa miaka kadhaa, ulirejeshwa mwaka 2021. Tunatambua kuwa katika bajeti ya mwaka 2024/25 Serikali ilipandisha malipo ya mkupuo kutoka asilimia 33 hadi 40 kwa waliokuwa kundi la asilimia 50, yaani waliokuwa wakilipwa nusu ya mafao yao kwa mkupuo kama sisi, na hadi asilimia 35 kwa waliokuwa kundi la asilimia 25. Tunakumbuka pia kwamba Mei Mosi ya mwaka 2025, mjini Singida, Mheshimiwa Rais alitangaza kupandisha kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000. Hatua hizo zimetufariji, na zimetupa imani kwamba Serikali ikisikia, hutenda. Kwa imani hiyo tunayasema yaliyobaki.

KIKOKOTOO

Wengi wetu tuliajiriwa tukiwa wanachama wa mifuko ya pensheni ya PSPF au LAPF. Kanuni tuliyoikuta ilieleweka: chukua miezi ya utumishi, zidisha kwa mshahara wa mwaka, gawanya kwa 540. Nusu ya kinachopatikana ilizidishwa mara 15.5 ikalipwa kwa mkupuo, na nusu nyingine ikagawanywa kwa miezi 12 ikawa pensheni ya kila mwezi. Kwa kanuni hiyo tuliajiriwa, tukakatwa mishahara kila mwezi, na tukapanga maisha yetu ya uzeeni.

Mwaka 2018 mifuko ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF iliunganishwa kuwa mfuko mmoja, PSSSF, na kanuni mpya zikaleta kigawanyo cha 580, kizidisho cha 12.5 na mkupuo wa asilimia 25 kwa wote. Wafanyakazi walilia nchi nzima. Tarehe 28 Desemba 2018 Rais wa Awamu ya Tano, Hayati Dkt. John Pombe Magufuli, alikutana na viongozi wa vyama vya wafanyakazi na kuagiza vikokotoo vya zamani viendelee kutumika hadi mwaka 2023. Kabla muda huo haujaisha, tarehe 1 Julai 2022, ikaanza kanuni ya mkupuo wa asilimia 33. Tangu 1 Julai 2024 ni asilimia 40 kwa kundi letu, lakini 580 na 12.5 zimebaki palepale.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba uione hesabu yenyewe. Mchukue mtumishi aliyefanya kazi miaka 30, yaani miezi 360, akastaafu na wastani wa mshahara wa shilingi 1,000,000 kwa mwezi. Kwa kanuni aliyoajiriwa nayo, angelipwa mkupuo wa shilingi 62,000,000 na pensheni ya shilingi 333,333 kila mwezi. Kwa kanuni ya asilimia 33, mkupuo ulishuka hadi takribani shilingi 30,724,000. Kwa kanuni ya sasa ya asilimia 40, anapata mkupuo wa takribani shilingi 37,241,000 na pensheni ya takribani shilingi 372,400.

Tunaambiwa kwamba kilichopungua kwenye mkupuo kimehamia kwenye pensheni ya mwezi. Hesabu haikubali. Mkupuo umepungua kwa zaidi ya shilingi 24,700,000, wakati pensheni imeongezeka kwa shilingi 39,000 hivi kwa mwezi. Ili nyongeza hiyo ifidie kilichopungua, mstaafu anahitaji miaka 52 na ushei. Aliyestaafu na miaka 60 atatakiwa kuishi hadi avuke miaka 112 ndipo pengo hilo lizibike.

Mkupuo ndio nyumba ya mstaafu. Mwalimu aliyelala nyumba ya shule, au mkunga aliyelala nyumba ya zahanati, akihamishwa kutoka kata moja kwenda nyingine, hakupata nafasi ya kujenga. Siku anapokabidhi funguo, mkupuo ndio unaomnunulia saruji, mabati na nondo. Hawezi kujenga kwa shilingi 372,000 za mwezi huku akila humohumo, akinunua dawa ya presha humohumo na kumsomesha mtoto wa mwisho humohumo.

Wapo wanaosema wastaafu wakipewa fedha nyingi kwa mara moja huzitapanya au hutapeliwa. Ni kweli wapo matapeli wanaowapigia simu wastaafu na kujifanya maafisa wa mfuko. Dawa ya tapeli ni polisi na elimu ya fedha kabla ya kustaafu. Kumpunguzia mtu mali yake kwa hofu kwamba ataibiwa ni kumwadhibu yeye badala ya mwizi.

MFUKO NA MADENI YAKE

Tunafahamu hoja ya Serikali kwamba kanuni ilibadilishwa ili mfuko usife, na kwamba waliokuwa wakilipwa asilimia 25 wamepata nafuu. Hatutaki mfuko ufe, ni wetu. Lakini tunauliza: nani aliuchosha?

PSPF ilipoanza mwaka 1999 iliwapokea watumishi ambao miaka yao ya nyuma haikuwa imechangiwa hata senti moja. Mfuko ukawalipa mafao kamili kwa niaba ya Serikali, na deni likakua mwaka hadi mwaka, hata Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali akalitaja katika ripoti zake. Mifuko hiyohiyo ilikopesha miradi ya Serikali, ukiwemo ujenzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma. Tunaipongeza Serikali kwa kutoa hatifungani maalumu ya zaidi ya shilingi trilioni 2 katika mwaka wa fedha 2021/22 kupunguza deni la kabla ya mwaka 1999. Hata hivyo, sisi hatukukopa, na hatukuwahi kuchelewesha mchango. Asilimia 5 yetu hukatwa kabla mshahara haujatufikia. Asilimia 15 ni wajibu wa mwajiri. Si haki aliyelipa kila mwezi apunguziwe ili kuziba pengo la aliyechelewa.

UMRI WA KUSTAAFU

Sheria inampa mtumishi hiari ya kustaafu akiwa na miaka 55 na kumlazimu kustaafu akiwa na miaka 60. Mwaka 2018 maprofesa, wahadhiri waandamizi na madaktari bingwa waliongezewa hadi miaka 65. Hatuwaonei wivu, nchi inawahitaji. Tunachokihofia ni kwamba siku moja umri huo utapandishwa kwa kila mtu ili mfuko upumue.

Kazi hazifanani. Muuguzi wa wodi ya wazazi mwenye miaka 58 bado anaingia zamu ya usiku, anasimama hadi alfajiri, anamnyanyua mama aliyetoka chumba cha upasuaji. Mwalimu wa darasa la kwanza anapaza sauti mbele ya watoto wanaokaa watano watano kwenye dawati. Afisa ugani anapanda pikipiki kwenye njia za mashambani akiwa na mgongo uliokwisha kuchoka. Kwa watu hawa miaka 60 ni ukomo ulio wa haki, na 55 ni hiari ambayo haipaswi kuguswa.

Lipo pia jambo la wanaoajiriwa wakiwa watu wazima. Matangazo mengi ya ajira serikalini humpokea mwombaji asiyezidi miaka 45. Anayeingia akiwa na umri huo hupata miezi 180 kamili hadi anapofikisha miaka 60, na miezi 180 ya uchangiaji ndiyo kiwango cha chini cha kupata pensheni ya kila mwezi. Mwezi mmoja tu ambao mchango wake haukufika unamtoa kwenye pensheni, akaambulia malipo ya mara moja na kuachana na mfuko. Kosa ni la mwajiri, lakini anayezeeka bila pensheni ni yeye.

KATI YA BARUA NA MALIPO

Mtumishi hutoa taarifa ya kustaafu miezi sita kabla. Muda huo unatosha kuandaa kila kitu. Lakini wengi wetu tunajua kinachotokea: faili halionekani masijala, barua ya kuthibitishwa kazini ya miaka ya tisini haimo, jina la baba kwenye barua ya ajira limekosa herufi moja iliyopo kwenye kitambulisho cha NIDA, mtu anatumwa mahakamani kutafuta hati ya kiapo. Kila karatasi ni nauli, na kila nauli inatoka kwenye mfuko ambao mshahara umeshakoma kuingia. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Katika miezi hiyo ya kusubiri ndipo mikopo ya riba kubwa, maarufu kausha damu, inapomkamata mstaafu, na mkupuo unapokuja unakuta wakopeshaji wameshajipanga mlangoni.

Yapo pia madai ya mwajiri. Mstaafu anastahili kulipwa nauli na gharama za kusafirisha mizigo yake na familia hadi kwao. Katika halmashauri nyingi fedha hizo huchelewa, na mstaafu hubaki amepanga chumba kimoja palepale alipofanyia kazi, akifuatilia dirishani kila wiki. Wengine wanadai malimbikizo ya mishahara tangu walipopandishwa madaraja. Na waliochelewa kupanda daraja wakati upandishaji uliposimama wamestaafu na mshahara mdogo kuliko ule waliostahili. Kwa kuwa pensheni hukokotolewa kwa mshahara wa miaka ya mwisho, hasara hiyo itawafuata hadi kaburini, hata kama wengine waliwahi kupata mserereko, yaani kupandishwa madaraja kwa haraka kufidia muda waliocheleweshwa.

MAISHA BAADA YA KUSTAAFU

Kima cha chini cha mshahara kilipandishwa kwa sababu maisha yamepanda. Mstaafu hununua unga na mafuta ya taa kwenye duka lilelile. Nyongeza za pensheni hutegemea tangazo. Hakuna mstaafu anayejua mwakani atapata nini.

Uhakiki wa wastaafu sasa hufanyika zaidi kwa simu janja. Kwa kijana ni jambo la dakika chache. Kwa mzee wa kijijini mwenye simu ya kitochi, mwenye mtoto wa jicho, na alama za vidole zilizofutika kwa jembe na chaki, ni safari ya kutafuta mjukuu, mtandao na chaji. Akichelewa, pensheni inasimama.

MADAI YETU

Kwa hayo yote, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunadai yafuatayo:

1. Mkupuo urejeshwe kuwa asilimia 50 kwa watumishi wote, pamoja na kigawanyo cha 540 na kizidisho cha 15.5. Ikiwa hilo haliwezekani kwa mara moja, itolewe ratiba ya maandishi ya kulifikia.

2. Kanuni yoyote mpya iwahusu watakaoajiriwa baada ya kutungwa kwake. Aliyekwisha kuingia kazini alindwe na kanuni aliyoikuta.

3. Tathmini za uhai wa mfuko ziwekwe wazi, na wawakilishi wa wafanyakazi washirikishwe kabla ya kanuni kusainiwa.

4. Serikali imalize deni lake kwa mfuko, na waajiri wanaochelewesha michango walipe adhabu bila mwanachama kupoteza hata mwezi mmoja wa uchangiaji.

5. Umri wa kustaafu kwa lazima ubaki miaka 60 na hiari ibaki miaka 55. Badiliko lolote lipitie mashauriano na vyama vya wafanyakazi, kada kwa kada.

6. Kumbukumbu za mtumishi zihakikiwe anapofikisha miaka 55, ili kasoro zirekebishwe akiwa bado na mshahara. Mkupuo ulipwe ndani ya siku 30 tangu kustaafu. Ukichelewa, mshahara uendelee.

7. Nauli, gharama za mizigo na malimbikizo vilipwe kabla ya siku ya kukabidhi ofisi.

8. Pensheni ipandishwe kila mwaka kwa mujibu wa sheria, kulingana na mfumuko wa bei.

9. Maafisa wa mfuko wafike katika kila kata mara moja kwa mwaka kuwahakiki wazee wasio na simu janja, na pensheni isisimamishwe kabla mstaafu hajatafutwa.

10. Muda wa kuwalipa wajane, wagane na watoto baada ya mstaafu kufariki uongezwe.

HITIMISHO

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Ibara ya 11 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inaitaka Serikali iweke utaratibu wa mtu kusaidiwa wakati wa uzee. Sisi hatujafikia hata kuomba msaada. Tunaomba tulipwe mshahara wetu ambao uliwekwa akiba kwa miaka 30 tukiwa tunafundisha, tunazalisha akina mama na kupima mashamba.

Tunaomba uyafikishe madai haya kwa Waziri mwenye dhamana, na tupewe majibu ya maandishi, dai kwa dai, kabla ya bajeti ijayo kusomwa bungeni. Wapo kati yetu watakaostaafu kabla ya Mei Mosi nyingine. Kwao, jibu litakalochelewa halitakuwa jibu.

Tunaomba kuwasilisha.