Kufunga Shimo Si Kuokoa Roho

Hapa Kianjokoma, katika kaunti ya Embu, ambapo majani ya chai na mibuni ndiyo riziki yetu, imeenea itikadi inayoshikwa kwa nguvu sawasawa na wazee wa kanisa na vijana wa bodaboda: kwamba mchimbaji mdogo wa dhahabu ni mhalifu kwa tabia, mharibifu wa mito na mwuaji wa nafsi yake mwenyewe, na kwamba serikali yenye huruma haina budi kumfukuza, kuyafukia mashimo yake, na kuikabidhi ardhi kwa kampuni yenye mitambo. Nimeisikia itikadi hiyo mara nyingi, aghalabu vinywani mwa watu wema. Na kwa kuwa wema wao ndio unaoipa nguvu, naona ni faradhi kuipinga bila ya kuuma maneno.

Sisi watu wa Embu ndio tungepaswa kuwa wa mwisho kuisadiki. Kahawa hii tunayojivunia, babu zetu walizuiliwa kuipanda, si kwa sababu udongo wa Mlima Kenya uliikataa, bali kwa kuwa walowezi walidai kwamba Mwafrika mwenye kishamba kidogo angeeneza maradhi ya mibuni, angeharibu sifa ya kahawa ya koloni katika masoko ya ng'ambo, na angekuwa maficho ya wezi. Haikuwa ila katika miaka ya 1930 ndipo Embu, Meru na Kisii zilipofunguliwa mlango kwa majaribio, chini ya kanuni kali. Na leo wakulima wadogo ndio watoao zaidi ya nusu ya kahawa ya Kenya. Aliyekuwa mshukiwa akawa mkulima, na wala si tabia yake iliyogeuka: alipata kibali, chama cha ushirika, bwana shamba na mizani.

Hiyo mizani naitaja kwa makusudi. Nipelekapo kahawa mbivu kiwandani, karani hulipima gunia langu mbele ya macho yangu, akaandika kilo na namba yangu ya uanachama, akanipa risiti. Na nikishuku kwamba nimepunjwa, nina mkutano wa chama wa kusimama na kudai. Mchimbaji asiye na kibali huuza chembe zake kwa dalali ambaye mizani ni yake, bei ni yake, na hata ukimya ni wake, kwani mwenye kudhulumiwa hawezi kwenda kituo cha polisi kushtaki bila ya kujishtaki mwenyewe kwanza. Zebaki iliyokamata dhahabu huchomwa juu ya makaa, katika karai, usiku, karibu na walalapo watoto, ilhali kipo chombo cha kuuzuia mvuke wake usitoke. Lakini nani atakayekuja kumfundisha kukitumia mtu ambaye afisa humwendea na pingu?

Uharamu huu una tarehe yake. Dhahabu ilipozuka Kakamega mwaka 1931, serikali ya kikoloni ilikuwa imekwisha kuwaahidi Waafrika, kwa sheria ya 1930, kwamba ardhi za akiba zitakuwa zao milele. Na haukwisha mwaka 1932 kabla ya sheria hiyo kugeuzwa, ili ardhi ya madini iweze kutwaliwa bila ya wenyewe kupewa ardhi nyingine badala yake. Kisha ikaja Sheria ya Madini ya 1940, ambayo haikumwekea nafasi mchimbaji wa sururu na karai, nayo ikadumu, tukiwa huru na bendera yetu, hadi 2016.

Sheria mpya ya 2016, kwa insafu, ilimtambua: ilimpa haki ya kuomba kibali katika kaunti yake, na ikaagiza ziwepo kamati za kuyapitia maombi. Walakini kamati hizo zilichukua miaka kuundwa; na mwaka 2019 serikali ikasimamisha utoaji wa leseni mpya za madini, zuio lisilolegezwa hadi 2023. Mtu aambiwe aingie kwa mlango, mlango ufungwe miaka minne, kisha akamatwe kwa kupitia dirishani: hiyo ni dhuluma, na sioni jina jingine la kuipa.

Wasemao kwamba kufunga huokoa roho, nawaomba waitazame Hillo, huko Dabel katika kaunti ya Marsabit. Mwezi wa Machi 2024, baada ya machafuko na vifo, mgodi huo ulitangazwa kuwa umefungwa. Mwezi wa Mei mwaka ule ule kuta za shimo ziliporomoka humo humo, na watu watano wakafa. Amri haikuiondoa dhahabu ardhini wala njaa tumboni. Iliwaondoa wale ambao wangeweza kukagua kuta na kuamuru zitiwe miti ya kuzishikilia.

Sikani kwamba mito huchafuliwa, wala kwamba wapo wachimbaji wenye pupa. Lakini majirani zetu wa Tanzania, mwaka 2019, waliwaondolea wachimbaji wadogo kodi ya ongezeko la thamani na kodi ya zuio, wakafungua masoko ya madini, wakianzia Geita, ambamo mchimbaji hupimiwa dhahabu yake peupe na serikali ikapata haki yake pale pale.

Basi, katika baraza lijalo, atakayeinuka kutaka askari wapelekwe migodini, namsihi aulize kwanza kamati ya kaunti yenye migodi hiyo ilikaa lini mara ya mwisho, imetoa vibali vingapi, na mizani ya serikali iko wapi.