Madaftari ya kwanza ya Nakivale yasipotee

Kwa Idara ya Wakimbizi, Ofisi ya Waziri Mkuu, Mbarara

Waheshimiwa,

Tunawaandikia kuhusu karatasi za zamani za makazi ya wakimbizi ya Nakivale, popote zilipo: orodha za mapokezi, kadi za posho, karatasi za familia. Tunaomba zitunzwe, na ndugu wapewe njia ya kuzisoma.

Mwingereza anayetafuta ukoo wake huanza na sensa. Ile ya 1921 ilifunguliwa Januari 2022, na ndani yake ataikuta nyumba nzima, hata mpangaji. Sisi tuanzie wapi? Tangu uhuru, Kongo imefanya sensa moja tu, mwaka 1984. Aliyezaliwa Masisi au Fizi baada ya hapo, huenda hesabu ya kwanza kumkuta ni yenu. Wanyarwanda walioanza kukimbia Novemba 1959 waliikuta sensa ya Uganda ya mwaka ule imekwisha pita. Kwao karani wa mapokezi ndiye aliyekuwa karani wa sensa.

Tena kwetu karatasi ya familia ina uzito wa pekee. Kwa Wanyarwanda, Warundi na Wakongo wengi, kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe. Ndugu watano wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina matano yasiyofanana. Kinachoonyesha undugu wao ni kuandikwa pamoja, chini ya mkuu mmoja wa familia, na kilima au kijiji walikotoka. Msomali ana njia nyingine: jina lake hufuatwa na la baba na la babu, hivyo mstari mmoja hubeba vizazi vitatu. Hata waliotangulia na kufuatia kwenye orodha wasomwe, kwani watu wa kijiji kimoja mara nyingi hufika pamoja.

Kasoro zipo. Wengi wameandikiwa kuzaliwa tarehe 1 Januari, majina yameandikwa karani alivyoyasikia, na yatima aliyechukuliwa njiani huonekana mtoto wa aliyemleta. Huyo yatima ndiye anayetuuma zaidi. Leo ni mtu mzima, na ana haki ya kujua alifika na nani, siku gani, kutoka upande gani. Uhakiki wa wakimbizi wa 2018, wa alama za vidole na mboni za macho, ulisahihisha hesabu ya walio hai na waliopo. Habari ya safari imo katika karatasi ya siku ya kwanza. Basi isifutwe familia inapogawanywa, wala mzee anapofariki.

Hatuombi majina yaanikwe hadharani. Wapo wanaowindwa hadi leo, na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inawalinda. Mtu aone ukurasa wa familia yake tu, baada ya kuthibitisha undugu, na aliye hai aulizwe kabla ndugu hajaelekezwa kwake.

Anzeni na karatasi za miaka ya 1960, zipigwe picha kabla hazijaliwa na mchwa. Wazee wa kanda zetu za Juru na Rubondo waitwe wakae na makarani wenu, wasome majina na kusema nani alikuwa wa nani, maana wapo wanaokumbuka. Na huduma hii iwe hapa makazini pia, Base Camp, kwa kuwa nauli ya Mbarara wengi hawana.

Tunaomba jibu lenu libandikwe kwenye mbao za matangazo za makazi.

Wenu,
Wakazi wa Nakivale