JINA LA MGOMBEA LISIPITISHWE KWA MAKOFI



Wapo wenzetu wanaopendekeza kwamba katika mkutano mkuu wa tawi unaokuja tupitishe jina moja la mgombea udiwani kwa makofi, eti kura za maoni zinaleta mpasuko. Ofisi ya tawi haikubaliani na hilo. Tunaomba mtuvumilie kidogo tueleze kwa historia.

Mwaka 1909, Alibhai Mulla Jeevanjee aliteuliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria la nchi ambayo leo ni Kenya. Alikuwa Mhindi wa kwanza kukaa humo, na hakuwa mtu mdogo. Alileta vibarua na mafundi wa reli ya Uganda, mwaka 1901 akaanzisha gazeti la African Standard mjini Mombasa, na Nairobi ipo bustani yenye jina lake hadi leo. Lakini barazani alikuwa peke yake kati ya maofisa wa serikali na walowezi. Wahindi waliendelea kunyimwa mashamba ya nyanda za juu. Mwaka 1910 ilimbidi apeleke malalamiko yake London, kwenye magazeti. Kiti hicho hakukikalia muda mrefu.

Tena, huko London alidai haki za Wahindi, akafika hata kupendekeza nchi ile iunganishwe na milki ya India. Mwafrika mwenye ardhi hakuwamo katika hesabu yake. Angekuwamo vipi? Mwafrika hakumpa kura, kwa hiyo hakuwa na la kumdai.

Kwetu Tanganyika baraza lilianza mwaka 1926, wajumbe wote wakiteuliwa na Gavana. Mwafrika hakuingia hadi 1945, walipoteuliwa Chifu Abdiel Shangali na Chifu Kidaha Makwaia. Uchaguzi ulikuja 1958 na 1959, na hata hapo mtu asiye na kipato au elimu iliyotakiwa hakupiga kura. Haki hii wazee wetu waliingoja muda mrefu. Leo tuirudishe wenyewe kwa makofi?

Katika uhasibu, deni lisiloandikwa ni gumu kudai. Kura ndiyo maandishi yetu. Diwani aliyepita kwa makofi, tukimuuliza habari za ushuru wa mahindi, zahanati au barabara za vijijini, atawajibu waliompanga, si sisi.

Kuhusu mpasuko: watu hawagawanywi na kura, wanagawanywa na hesabu iliyofichwa. Kwa hiyo tunapendekeza kura ya siri, zihesabiwe palepale mbele ya mawakala wa wagombea wote, na matokeo yabandikwe ukutani siku hiyohiyo.

Njoo na kadi yako iliyolipiwa ada. Mjulishe na jirani asiye na simu.

Katibu wa Tawi,
Kasesya